Rekodi ya Usiku Kucha na Mkono wa Fundi

    

Leo nina neno na wale wanaorekodi muziki. Siku hizi karibu kila kwaya ina kijana wake mwenye kompyuta. Ndiye anayeitwa kukiwa na tamasha la injili, harusi, mkesha au sherehe ya kumpokea mchungaji mgeni. Anapanga mikro, anabonyeza kitufe, na kukipambazuka ana rekodi ya muda wa saa tatu, nne, pengine usiku mzima. Halafu? Halafu watu wanamdai. Kiongozi wa kwaya anataka nyimbo zake kwenye flashi. Mchungaji anataka mahubiri. Bwana harusi anataka kila kitu, na anataka jana. Kijana anafungua kompyuta, anaona mistari imejaa kioo chote, na hajui aanze wapi.

Swali letu basi ni hili: rekodi ndefu ya muziki uliopigwa mbele ya watu unaichanganya vipi, mpaka mtu aweze kuisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kuinuka kila dakika kupunguza au kuongeza sauti? Mafundi wana chombo cha kazi hiyo, nacho ni otomesheni. Nitaeleza ni nini na inafanyaje kazi. Lakini niruhusuni nianzie hapahapa kwetu mashariki mwa Kongo, maana Walikale ina historia ya muziki mrefu, na historia hiyo imo vitabuni.

Wanyanga wanaonisikiliza wamekwisha kujua namtaja nani. Namtaja Mwindo, shujaa wa utendi wao.

Mwaka 1956, mtafiti wa Kibelgiji aitwaye Daniel Biebuyck alikuwa akifanya kazi kwa Wanyanga. Huko akamkuta Mzee Shé-Kárisi Rureke, bingwa wa kusimulia utendi wa Mwindo. Desturi ilikuwa kutoa kipande jioni moja, kipande kingine jioni nyingine, kadiri watu walivyokusanyika; mzee mwenyewe alikuwa hajawahi kuutoa wote mfululizo. Safari ile aliutoa wote. Ilichukua siku 12. Alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza, kibuyu cha kutikisa kiko mkononi. Kando yake vijana walipiga kijiti kikavu kilicholazwa juu ya vijiti vingine, na waliokaa wakaitikia. Maneno yake yakaandikwa kwa mkono, neno kwa neno. Kitabu kilitolewa mwaka 1969 na chapa ya Chuo Kikuu cha California, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na mwenyewe Mnyanga.

Siku 12, wasikilizaji! Nani kati yenu vijana wa kompyuta amewahi kuletewa kazi ya siku 12?

Sasa angalieni. Kitabu kile kina hadithi yote, kina pia maneno ya nyimbo. Lakini ukikisoma huwezi kujua ni wapi mzee alishusha sauti mpaka watu wakasogea mbele, wala ni wapi kijiti kilimzidi nguvu, wala waitikiaji walichangamka kwenye wimbo upi. Siwalaumu walioandika. Walishika kile ambacho kalamu inaweza kushika, na bila wao tungekuwa na kidogo zaidi. Nasema tu kwamba kijana mwenye mikro leo anashika kile ambacho kalamu haikukiweza: kupanda na kushuka kwa sauti. Kisha anarudi nyumbani, anachagua kwenye kompyuta kifaa cha kusawazisha sauti, kile kinachoinua kila kilicho chini na kukandamiza kila kilicho juu, na kwa dakika tano anafuta hicho hicho alichobahatika kukishika. Mnong'ono na kelele za shangwe vinatoka na nguvu sawasawa. Msikilizaji anachoka kabla ya wimbo wa tatu na hajui kwa nini.

Kwa hiyo shikeni jambo la kwanza, na nitalirudia: katika muziki mrefu, kupanda na kushuka ndiyo mali yenyewe. Mkeshani watu hawaanzi kucheza saa ile ile ya kwanza. Wanapandishwa, wanashushwa, wanapandishwa tena. Ukisawazisha yote umemwondolea kiongozi wa kwaya kazi aliyoifanya usiku kucha.

Haya, otomesheni ni kitu gani?

Fikirini miksa ya kanisani. Kila mikro ina kitelezi chake. Ukikisukuma mbele sauti inaongezeka, ukikirudisha inapungua. Zamani za mkanda, kuchanganya rekodi yenye mikro nyingi kulihitaji mikono mingi. Fundi, msaidizi wake, mara nyingine hata mpiga gita, wote wameinamia miksa moja, kila mmoja na vitelezi vyake, mkanda unazunguka. Mmoja akichelewa mahali pamoja, kipande kile kinarudiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Neve ya Uingereza ikatoa mtambo ulioitwa NECAM, ambao vitelezi vyake viliendeshwa na mota. Fundi anasogeza mara moja, kompyuta inaandika mwendo wa mkono wake, na safari ya pili vitelezi vinatembea vyenyewe. Ulikuwa mtambo wa studio tajiri. Leo kazi hiyohiyo inafanywa na kompyuta ya mtumba yenye Reaper, Ardour au Cubase ndani yake, na kwa namna nyepesi hata Audacity, ambayo hailipiwi chochote.

Kwenye kioo, otomesheni inaonekana kama mstari uliolala juu ya picha ya sauti. Unaubonyeza, nukta inatokea. Unaivuta nukta chini, sauti inashuka mahali pale. Unaweka nukta nyingine mbele, unaivuta juu, sauti inapanda kutoka hii kwenda ile. Ndiyo hivyo tu. Kila mikro ina mistari yake: mmoja wa nguvu ya sauti, mwingine wa kushoto na kulia, mwingine wa mwangwi ukitaka.

Njia ya pili ni kusogeza kitelezi huku muziki unacheza, kompyuta inaandika. Hapo kuna menyu, na ndani yake maneno manne ambayo vijana wengi wanayapita bila kuyaelewa. Ukichagua Read, kompyuta inafuata kilichokwisha kuandikwa. Ukichagua Touch, inaandika pale tu unapokishika kitelezi. Ukikiachia, inarudi kwenye mstari wa zamani. Ukichagua Latch, inaandika tangu unapokishika, na ukikiachia inabaki palepale ulipoishia. Na ukichagua Write, inaandika juu ya kila kitu tangu muziki unapoanza kucheza, umegusa au hujagusa. Kwa wimbo wa dakika nne, ukiisahau Write umepoteza dakika nne. Kwa mkesha, unaweza kwenda kunywa chai, kurudi, na kukuta kazi ya juma zima imefutwa na mstari ulionyooka. Ushauri wangu ni mfupi: fanyeni kazi na Touch, na Write muiache ilale.

Sasa tuingie kazini. Nitachukua mfano mmoja tukae nao. Kwaya ya akina mama, watu thelathini hivi. Mikro mbili kwa kwaya, moja ya mwimbishaji, gita la solo, bezi, kinanda, ngoma, na mikro moja imetazama watu. Tamasha la muda wa saa tatu. Unaanzaje?

Unaanza kwa kusikiliza. Yote. Mikono mbali na kitelezi. Najua mtanichukia kwa hili, lakini saa tatu za muziki zinasikilizwa kwa saa tatu, hakuna njia ya mkato. Unachofanya ni kuweka alama. Kwenye Audacity, ukibonyeza Ctrl na M huku muziki unacheza, alama inawekwa pale na unaandika neno lako: wimbo umeanza, mwimbishaji amehama mikro, mtoto amelia, jenereta imezimika, fundi wa jukwaani ameongeza sauti ya kwaya ghafla. Programu nyingine zina vitufe vyake. Ukimaliza una ramani. Bila ramani utakuwa unatafuta mahali palepale asubuhi na jioni.

Pili, ondoa makosa ya usiku ule kabla hujafikiria uzuri. Kwa mfano, fundi wa jukwaani aliona mikro ya kwaya iko chini, akaizungusha juu katikati ya wimbo wa tatu. Kwenye rekodi yako kuna ngazi: kabla yake kwaya iko mbali, baada yake iko sikioni. Hiyo usiitibu kwa kitelezi. Kata kipande pale kilipobadilika, upunguze au uongeze sauti ya kipande chenyewe mpaka pande mbili zilingane. Kwa nini? Kwa sababu kompresa, ile inayobana sauti zinazozidi, kwa kawaida imekaa kabla ya kitelezi. Ukirekebisha kwa kitelezi, kompresa bado inapokea ngazi ileile: nusu ya kwanza haibanwi, nusu ya pili inabanwa mpaka inapumua kama mtu mwenye pumu. Narudia: makosa ya usiku yanarekebishwa kwenye kipande, chini kabisa, kabla ya kompresa. Kitelezi na otomesheni yake ni kwa ajili ya muziki.

Tatu, ndipo unapogusa muziki, na unaanza na hatua kubwa. Wengi wanaanza na silabi: neno hili limepotea, nalivuta, pumzi hii inasikika, naishusha. Kufika dakika ya ishirini wamechoka na zimebaki saa mbili na dakika arobaini. Anza na sehemu nzima. Wimbo wa kwanza uko wapi ukilinganishwa na wa mwisho? Wimbo wa polepole wa toba usimame wapi ukilinganishwa na wa kusifu unaoufuata? Unganisha ala zote kwenye traki moja ya jumla, sauti zote kwenye nyingine, na mistari hiyo miwili ndiyo uiendeshe kwanza kwa tamasha lote. Ukifika mwisho una rekodi inayosikilizika, hata umeme ukikatika na mwenye kazi akija kugonga mlango.

Hapa nizungumze kidogo na wapenzi wa rumba, maana rumba inafundisha jambo hili vizuri kuliko muziki mwingine. Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021 kwa jina la Kongo zote mbili, ina maneno mwanzoni na sebene, yaani sehemu ya magita na kucheza, baadaye. Enzi za sahani ndogo za santuri, wimbo ulikatwa mara nyingi: maneno upande mmoja, sebene upande wa pili. Baadaye sahani kubwa zikawapa wanamuziki nafasi. Franco na bendi yake ya TPOK Jazz walipotoa Mario katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa wimbo wa dakika zaidi ya kumi bila kukatwa. Sasa, bendi iko jukwaani, maneno yamekwisha, gita la solo linabadilisha mwendo, ngoma inafungua, atalaku, yule mchangamshaji wa wachezaji, anaingia na makelele yake. Fundi asiye na uzoefu hapo anafanya nini? Anasukuma kila kitu juu. Na juu hakuna nafasi! Mashine ya mwisho inabana, sebene inatoka imesongwa, ndogo kuliko maneno yaliyoitangulia.

Fundi mzoefu alikwisha kujipanga dakika tano nyuma. Katika beti za mwisho za maneno, anashusha jumla polepole, desibeli mbili au tatu, kwa muda wa dakika nzima, mpaka hakuna anayetambua. Sebene inapoingia anarudisha mahali pake pa kawaida. Mlango unafunguka. Msikilizaji anaapa kwamba bendi imeongezwa nguvu, kumbe aliibiwa kidogo kidogo kisha akarudishiwa chake. Kwenye mstari wa otomesheni hizo ni nukta tatu tu. Ukiniuliza ni nukta zipi kwenye kazi nzima zinazolipa zaidi, nitakutajia hizo.

Nne, sauti inayobeba maneno. Turudi kwa akina mama wetu. Mwimbishaji anaanza peke yake na kinanda, mikro iko karibu na mdomo. Kwaya inaingia, ngoma inaingia, watu wanasimama. Ifikapo dakika ya kumi, yeye naye anacheza, mkono umeshuka, mikro iko kifuani. Mnajua kinachotokea? Kila umbali kati ya mdomo na mikro unapoongezeka maradufu, sauti inapungua desibeli sita hivi. Kutoka sentimita tano kwenda ishirini ni desibeli kumi na mbili zimepotea. Yaani anapotea wakati uleule muziki umefika juu kabisa.

Utasema, si nimvute desibeli kumi na mbili? Jaribu, usikie. Mikro ile iliyoko kifuani inasikia pia ngoma nyuma yake. Ukiivuta kumi na mbili, matoazi yanakuja nayo kama mvua ya mabati. Kwa hiyo unamvuta nne. Kinanda na gita unavishusha mbili. Mwangwi wa sauti yake unaupunguza, maana mwangwi humrudisha mtu nyuma zaidi. Na pale kwaya inapomwitikia unaiacha kwaya ibebe, kwa sababu usiku ule ndivyo ilivyokuwa: kwaya ilibeba, yeye alikuwa anacheza. Kusikika nusu-nusu mahali kama hapo mimi sihesabu kuwa kosa.

Na mikro zisizotumika? Kila ukizidisha mara mbili idadi ya mikro zilizo wazi, kelele za nyuma zinapanda desibeli tatu hivi. Mikro ya mtu asiyeimba inarekodi jenereta tu. Ishusheni, lakini msiizime kwa ghafla. Masikio yanazoea sauti ya ukumbi. Ukiikata kama kwa kisu msikilizaji anashtuka kama mtu aliyefungiwa mlango. Shusha desibeli kumi, kwa mteremko wa nusu sekunde, uiache ivute pumzi kule chini.

Sasa mikro iliyotazama watu. Vijana wengi wanaizima kabisa kwa sababu ina kelele. Mimi nawaomba muirudishe. Nenda Zanzibar, katika tarabu: Ikhwani Safaa, kundi lililoanzishwa mwaka 1905, lina utamaduni wa nyimbo ndefu ambazo katikati yake mtu anaondoka kitini, anakwenda kumtunza mwimbaji, na vigelegele vinapigwa. Mwimbaji anarudia ubeti uleule kwa raha zaidi. Ukizima watu, anayesikiliza rekodi haelewi ubeti umerudiwa kwa nini. Kwetu si ileile? Mama anaimba, watu wanapita mmoja mmoja kumbandika noti za franka kwenye paji la uso, na kila noti inapobandikwa uimbaji unabadilika. Hata Mzee Rureke hakusimulia ukutani. Alisimulia mbele ya waitikiaji, nao walikuwa sehemu ya wimbo. Basi mstari wa watu uende hivi: juu kati ya nyimbo, chini wakati wa beti, nusu wakati wa kuitikia, na kila badiliko lichukue sekunde mbili tatu. Kuna la kiufundi hapo pia. Sauti inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mikro iliyoko mita thelathini na nne kutoka jukwaani inasikia muziki umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na ukiichanganya hivyohivyo ngoma inapiga mara mbili. Isogezeni traki ile ije mapema kidogo mpaka mapigo yalingane.

Na hili linahusu hata anayerekodi kwa simu mbili, au simu na kirekodi. Saa za ndani za vyombo viwili hazilingani kamwe. Kwa wimbo mmoja hutambui. Baada ya muda wa saa tatu zimeachana sehemu ya sekunde, na kwaya inaanza kujiitikia yenyewe. Dawa ni rahisi: mtu apige kofi moja kubwa mbele ya vyombo vyote mwanzoni, na kofi jingine mwishoni kabla hamjazima. Kwenye kompyuta unalinganisha kofi na kofi, unanyoosha traki moja kidogo, basi.

Je, mashine zinazosawazisha zenyewe hazina kazi kabisa? Zinayo. Mahubiri. Mtu mmoja anayesema, mara karibu na mikro, mara mbali, mara anamgeukia mkalimani. Hapo kifaa cha kusawazisha kinafaa sana, na sioni sababu ya kijana kukesha akivuta nukta kwa ajili ya mahubiri. Mpe mashine mahubiri. Muziki ubaki nao mwenyewe.

Naona muda unakwenda. Maneno machache kuhusu kompyuta na umeme, maana tunajua tunavyoishi.

Faili la sauti la aina ya WAV lina mpaka wa ukubwa, gigabaiti nne. Kirekodi chenye mikro nyingi kikiandika zote kwenye faili moja kinafika mpaka huo upesi. Chenye mikro kumi na sita, kwa ubora wa kawaida wa kazi, kinafika kwa nusu saa hivi tu. Ndiyo maana asubuhi unakuta vipande sita au saba badala ya kimoja. Usiogope, hakuna kilichopotea. Viunganishe kichwa na mkia bila kuacha hata nafasi ndogo, na fanya hivyo kabla ya kazi nyingine yoyote. Traki moja ya saa moja inakula karibu nusu gigabaiti, kwa hiyo hesabu nafasi ya diski kabla hujaenda kurekodi. Hifadhi kazi kwa jina jipya kila siku, usihifadhi juu ya ile ya jana. Na nakala ya mwisho ya tamasha refu inachukua muda kutoka. Usiianze jua linapozama na betri ya sola iko nusu.

Tena, sikilizeni kwa chombo ambacho watu wanacho. Vipokea sauti vyako vina bezi nzuri, nakubali. Lakini nani hapa kwetu atasikiliza kwa hivyo? Watu wana simu na redio ndogo, na spika ya simu haitoi bezi. Kama muziki wako unasimama kwa bezi peke yake, kwenye simu utabaki na kinanda na kelele. Ukimaliza kuvuta nukta zako, weka nakala kwenye simu, itie mfukoni, tembea nayo njiani. Mahali mwimbishaji anapopotea, andika dakika yake, rudi urekebishe. Na kama kazi inakuja redioni, kwetu, msituletee iliyobanwa mpaka mwisho. Kituo kina mashine yake ya kubana kabla ya mnara, na kilichobanwa mara mbili kinatoka kama kilio cha spika mbovu. Acheni nafasi juu, hata desibeli chache, tutawashukuru.

Neno langu la mwisho la leo linahusu rekodi ghafi, ile ya kila mikro peke yake, kabla hujagusa kitu. Vijana wanaifuta kupata nafasi ya kazi ijayo. Naelewa, diski ni ghali. Lakini fikirini kwaya ngapi za Masisi na Walikale zimetawanyika na vita miaka hii, waimbaji wake wengine wako Goma, wengine Kisangani, wengine Uganda, hawajaimba pamoja tangu hapo. Mchanganyiko unaweza kufanywa upya, na mtu mwenye masikio mazuri kuliko yako na yangu, kwa kompyuta bora, hata baada ya miaka ishirini. Otomesheni yako nayo ihifadhi, inakaa kwenye faili dogo sana. Rekodi ghafi ikifutwa, hakuna wa kuiandika kwa mkono. Kwaya ikusanye franka kidogo kidogo, inunue diski moja, ikae kwa katibu wa kwaya na si kwa fundi, na nakala ya pili ikae mji mwingine.

Mwenye swali alilete kituoni au atume ujumbe kabla ya siku ya kipindi. Juma lijalo, saa hiihii, tutazungumza juu ya kuweka mikro mbele ya ngoma za ngozi, na nitamleta mpiga ngoma atupigie hapahapa studioni.